Mchoro wa Nyumba Usomeke: Jinsi ya Kupata Picha Safi Kutoka kwa Kompyuta

Mkaazi anayejenga hulipia mchoro wa nyumba kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simiti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka idhini ya kaunti ipatikane kabla ya ujenzi kuanza, na mchoro ni sehemu muhimu ya ombi hilo.

Hata hivyo, safari ya mchoro haiishii ofisini. Hutumwa kwa simu kwa mwenye ploti, huchapishwa kwenye saiba, kisha hufika mkononi mwa fundi. Namba zikiwa na ukungu, chumba cha milimita 3,300 kinaweza kusomwa kuwa cha milimita 3,800. Hiyo ni nusu mita nzima, na gharama ya kubomoa ni ya mwenye nyumba.

Kwa nini picha huharibika

Programu za kuchora kama AutoCAD na ArchiCAD huhifadhi kila mstari kwa vipimo vyake. Ndiyo maana mchoraji anaweza kukuza kona yoyote na mstari ukabaki mkali. Picha ya PNG au JPEG ni tofauti: imeundwa kwa vitone vidogo viitwavyo pikseli. Kile ambacho hakikuingia kwenye pikseli wakati wa kutoa picha hakirudi hata ukikuza namna gani.

Kosa la kawaida ni kupiga picha ya skrini. Karatasi ya A1 ina upana wa milimita 841. Ikibanwa kwenye skrini yenye upana wa pikseli 1,366, herufi ya kimo cha milimita 2.5 hupata pikseli 4 pekee. Kwa pikseli hizo, 3, 6 na 8 hufanana. Karatasi hiyo hiyo ikitolewa kwa pikseli 300 kwa kila inchi, herufi hiyo hupata pikseli karibu 30 na husomeka bila shida.

Mambo ya kumwambia mchoraji

1. Atoe picha kwa amri ya kuchapisha, akitumia ukurasa uliopangwa wenye fremu na maelezo ya mradi, si skrini ya kazi yenye mandhari nyeusi. Katika AutoCAD, huchagua printa iitwayo PublishToWeb PNG.

2. Aweke ukubwa wa picha mwenyewe. Kwa pikseli 300 kwa inchi, A3 inahitaji pikseli 4,961 kwa 3,508, na A1 inahitaji 9,933 kwa 7,016.

3. Achague mtindo wa rangi nyeusi pekee, unaoitwa monochrome. Mistari ya manjano huonekana vyema kwenye skrini nyeusi lakini hufifia kwenye karatasi nyeupe.

4. Ahifadhi kwa PNG badala ya JPEG. JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya taarifa, na huacha madoa kando ya mistari na herufi. PNG haitupi kitu.

Ofisi ikiomba PDF, itolewe moja kwa moja kutoka kwa programu ya kuchora. Kuingiza picha yenye ukungu ndani ya PDF hakuisafishi.

Kabla ya kupokea na kutuma

Mwenye nyumba anaweza kukagua picha bila kuwa na programu ya kuchora. Afungue maelezo ya faili aone idadi ya pikseli, kisha akuze namba ndogo kuliko zote kwenye mchoro. Ikiwa yeye hawezi kuisoma, fundi pia hataweza. Amrudishie mchoraji papo hapo, kabla ya kulipa salio.

Anapoituma kwa WhatsApp, aitume kama hati, si kama picha ya kawaida. Picha za kawaida hupunguzwa ubora njiani.

Tahadhari kuhusu skeli

Picha safi haimaanishi kwamba fundi anaweza kuipima kwa rula. Mchoro wa A1 wenye skeli ya 1:100 ukichapishwa kwenye A3 hupungua nusu kila upande, na skeli yake huwa 1:200, ingawa maandishi bado yanasema 1:100. Kwa hivyo fundi afuate vipimo vilivyoandikwa, na mchoraji aweke mstari wa skeli kwenye ukurasa, kwa kuwa huo hupungua au kukua pamoja na mchoro.

Wakaazi wanakumbushwa kwamba nakala inayotumika kwenye saiti inapaswa kuwa ya mchoro ule ule ulioidhinishwa. Mchoro ukibadilishwa, picha ya zamani iondolewe mikononi mwa mafundi ili pasiwe na wawili wanaojenga nyumba moja kwa vipimo tofauti.