Lenzi za Macho: Utando Husaidia, Usafi Huokoa

Akina mama wenzetu, siku hizi mabinti zetu wanaacha miwani na kuvaa lenzi ndani ya jicho. Baadhi huuzwa kwa sifa kwamba zina utando usioshika uchafu. Je, utando huo unatosha kulinda macho?

Lenzi laini zilianza mwaka 1961, pale mkemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia alipozitengeneza nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunda kwa vifaa vya watoto vya kuchezea. Zilikuwa za polima inayonyonya maji. Lakini konea, kioo cha mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Oksijeni yake hutoka hewani. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaja lenzi zenye silikoni, zinazopitisha oksijeni kwa wingi.

Silikoni nayo ina kasoro: hukataa maji na kuvuta mafuta. Machozi yana mafuta na protini, navyo huganda juu ya lenzi kama mafuta ya mchuzi kwenye bakuli la plastiki. Macho huwasha na kuona ukungu. Ndipo wataalamu wakaanza kuifunika lenzi kwa utando wa polima inayopenda maji, mwembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Maji yanayoshikwa na utando huo huzuia mafuta yasigande.

Hata hivyo, tusidanganyike. Utando hupunguza uchafu wa machozi tu, hauui vijidudu. Iko amiba inayoishi hata katika maji ya bomba, ambayo ikiingia kwenye konea huleta maumivu makali na yaweza kupofusha. Kwa hiyo tuwafundishe mabinti zetu:

1. Nawa mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kugusa lenzi.
2. Sugua lenzi kwa dawa yake maalumu, kamwe si kwa maji wala mate.
3. Mwaga dawa ya jana, usiiongezee mpya.
4. Badilisha kikasha kila baada ya miezi 3.
5. Usilale, usioge wala kuogelea na lenzi.
6. Usiazime lenzi ya mwenzako, hata zile za rangi za kupendezea harusini.

Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiogopa mwanga, vua lenzi na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usitie dawa ya matone ya jirani. Chukua lenzi na kikasha chake, mganga avione.