Usafi wa kupita kiasi huua samaki wa nyumbani

Jumapili moja nilimwaga maji yote ya tangi la samaki lililo sebuleni mwangu, nikasugua kokoto kwa brashi na kuosha sponji ya kichujio kwenye mfereji hadi ikawa kama mpya. Kisha nikajaza maji ya mfereji na kuwarudisha tetra kumi na wawili wa binti yangu. Kufikia Jumatano walikuwa wamebaki watatu, nao walikuwa wakihema juu juu karibu na uso wa maji. Binti yangu aliniuliza swali moja tu: "Baba, si wewe ni daktari?"

Huenda nawe, msomaji, umewahi kufanya kosa hilo. Sisi madaktari huwahimiza watu kila siku waangamize viini. Lakini ndani ya tangi, kuna viini ambavyo bila hivyo samaki hawaishi.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua anayopumulia, na chakula kinachooza huiongeza. Amonia ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye sponji na kokoto huigeuza kuwa nitriti, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana ikiwa kidogo. Ukiwaua bakteria hao kwa klorini ya mfereji, sumu hurundikana. Nitriti huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, hivyo samaki hukosa pumzi hata kama pampu ya hewa inafanya kazi. Hali kama hiyo huweza kumpata mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa kwa maji ya kisima yenye nitrati nyingi. Ngozi yake hugeuka rangi ya samawati.

Kwa hivyo badilisha robo tu ya maji kila wiki. Maji mapya yakae kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, au utumie dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki. Sponji isuuze kwa maji yale yale uliyoyatoa kwenye tangi. Tangi jipya huhitaji kati ya wiki nne na sita kabla ya bakteria kutosha, kwa hivyo anza na samaki wachache na uwape chakula watakachomaliza kwa dakika mbili hivi. Wenye pupa ya kujaza tangi siku ya kwanza ndio hurudi dukani kila mwezi.

Joto nalo lina maana. Tetra hupenda nyuzi 22 hadi 26. Diskasi, ambao ni wagumu zaidi kuwatunza, huhitaji 28 hadi 30. Usiku wa Julai jijini Nairobi, bila hita, maji hupoa mno kwa wote wawili.

Sasa niseme kuhusu mikono yako. Mgonjwa mmoja alinijia akiwa na uvimbe kwenye kidole uliokuwa umekataa kupona kwa miezi mitatu. Alikuwa amepaka kila aina ya malhamu. Nilimuuliza mengi, lakini sikumuuliza kama anafuga samaki. Ni yeye aliyetaja, akiwa tayari amesimama kwenda zake.

Kiini kinachosababisha uvimbe huo huitwa Mycobacterium marinum, nacho ni cha jamii moja na kile cha kifua kikuu. Huishi majini na kuingia mwilini kupitia mkwaruzo mdogo. Hakiambukizwi kutoka kwa mtu hadi mwingine, lakini matibabu yake huchukua miezi. Ukiwa na kidonda, vaa glavu ndefu kabla ya kutia mkono tangini, na baadaye unawe kwa sabuni. Usifyonze mpira wa kutolea maji kwa mdomo, wala usioshee vifaa vya tangi kwenye sinki la jikoni.

Na uvimbe ukitokea, mwambie daktari mapema kwamba unafuga samaki. Huenda asiulize.