Askari Mweusi wa Marekani Alipovua Sare

Jioni ya tarehe 12 Februari 1946, Sajini Isaac Woodard alipanda basi katika jimbo la Georgia, akienda kuungana na mkewe. Saa chache tu zilikuwa zimepita tangu apewe cheti cha kuachishwa jeshi kwa heshima. Sare alikuwa bado ameivaa. Vita alivimaliza katika Bahari ya Pasifiki, kikosi chake kikipakua shehena za meli huku mabomu yakianguka. Njiani alimwomba dereva asimame kidogo ili ajisaidie, yakazuka maneno, na basi lilipofika mji mdogo wa Batesburg, South Carolina, dereva akaita polisi. Mkuu wa polisi wa mji ule akampiga kwa rungu hata macho yote mawili yakapasuka. Asubuhi yake Woodard alifikishwa mbele ya hakimu, kipofu, akatozwa faini.

Serikali kuu ilimshtaki mkuu yule wa polisi. Baraza la mahakama, lililokuwa la Wazungu watupu, lilimwachilia kwa muda usiofika nusu saa. Walakini kisa chenyewe kilimchoma Rais Truman, na tarehe 26 Julai 1948 akatia sahihi Amri Nambari 9981 ya kuondoa ubaguzi wa rangi katika majeshi ya Marekani.

Nimeanza na habari hii, ndugu askari, kwa kuwa waliokutana usiku ule wote ni watu wa kazi yenu: mmoja wa jeshi, mwingine wa polisi. Mmoja alikuwa amekwisha kutoa alichodaiwa na taifa lake. Mwingine ndiye aliyesimama mlangoni pa taifa hilo kumpokea. Na katika miaka iliyofuata maelfu ya Weusi walikuta mlangoni watu wa namna hiyo, ingawa wengi wao walishika kalamu na wala si rungu.

Vita vikiwa bado vinaunguruma, tarehe 22 Juni 1944, Rais Roosevelt alikuwa ametia sahihi sheria ambayo askari waliizoea kwa jina la GI Bill. Kwa kila askari aliyerudi, sheria hiyo iliahidi karo ya masomo hadi dola 500 kwa mwaka, pamoja na posho ya kila mwezi; iliahidi dola 20 kwa juma, kwa majuma yasiyozidi 52, kwa asiyepata kazi; tena dhamana ya serikali kwa atakayekopa ili anunue nyumba au shamba, au aanzishe biashara. Zaidi ya askari milioni 2 waliingia vyuo vikuu kwa karo hiyo. Watoto wa wakulima na wa wachimba makaa wakawa wahandisi na waganga. Sijui sheria nyingine ya karne ile iliyowafanyia askari wa kawaida mema makubwa kuliko hiyo.

Ukiisoma yote hutaona mahali iliposema kwamba Mweusi asipewe. Hila ilikuwa katika ugawaji. Kamati ya Bunge iliyosimamia mambo ya askari wa zamani iliongozwa na John Rankin wa Mississippi, mtetezi mkubwa wa ubaguzi, naye pamoja na wenzake wa Kusini walihakikisha kwamba maamuzi yangebaki mikononi mwa maofisa na mabenki ya huko huko majimboni. Mweusi aliyefika ofisini akiwa fundi wa mitambo alielekezwa kazi ya kufagia. Akiikataa, posho ya asiye na kazi ilikatwa, kwa maana amekataa kazi. Mkopo nao ulikuwa na mtego wake. Serikali ilidhamini tu, fedha zilitoka benki, na benki ilipomkataa mtu hakuwa na pa kushtaki. Mwaka 1947, katika miji 13 ya Mississippi, ilihesabiwa mikopo 3,229 iliyodhaminiwa kwa askari wa zamani. Weusi walipata miwili.

Wazee wa K.A.R. waliorudi Kenya kutoka Burma wangeitambua hesabu hiyo. Wao nao waliona mashamba ya askari waliostaafu yakigawiwa Wazungu, ilhali risasi za Wajapani hazikuwa zimechagua rangi.

Nyumba ni mali inayozaa. Aliyenunua mwaka 1947 alisomesha watoto kwa thamani yake, kisha akawarithisha. Aliyenyimwa aliendelea kulipa kodi na kuwaachia wanawe vyombo vya jikoni. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipima mali za familia. Ukizipanga familia za Wazungu mstari mmoja, kutoka maskini hadi tajiri, ile ya katikati kabisa ilikuwa na dola 285,000. Ukizipanga za Weusi, ya katikati ilikuwa na 44,900. Sababu za pengo hilo ni nyingi, tangu utumwa, lakini dirisha lile la mikopo limo.

Hata hivyo wapo waliopenya. Medgar Evers wa Mississippi alipigana Ulaya, akarudi mwaka 1946, na alipokwenda kupiga kura pamoja na ndugu yake alizuiwa na Wazungu wenye silaha. Karo ya GI Bill ikampeleka chuo cha Alcorn, nacho kilikuwa cha Weusi, kwa sababu vingine havikumpokea. Vyuo hivyo vilikuwa vichache na vidogo, hata askari wengi wakarudishwa kwa kukosa nafasi. Evers alihitimu mwaka 1952, na mwanawe wa kwanza akampa jina la Kenyatta, kwa kumheshimu mzee aliyekuwa kizuizini huku kwetu Afrika Mashariki. Akawa kiongozi wa kudai haki hadi alipouawa kwa risasi mbele ya nyumba yake mwezi Juni 1963. Alizikwa kwa heshima za kijeshi.

Katika afya, mambo yalikuwa machungu zaidi. Mwaka 1923 ilifunguliwa hospitali ya askari Weusi huko Tuskegee, Alabama. Wazungu wa mahali hapo walitaka waiendeshe wao, na Ku Klux Klan wakaandamana; lakini Weusi walishikilia, na mwaka 1924 hospitali ikapata mkuu wake Mweusi, Dakta Joseph Ward, ambaye mwenyewe alikuwa ofisa wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika wilaya hiyo hiyo, tangu 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwaacha bila tiba wanaume Weusi wapatao 400 wenye kaswende ili iangalie ugonjwa utawafanya nini. Wengine wao waliitwa jeshini wakati wa vita, wakaonekana ni wagonjwa, ikaamriwa watibiwe. Watafiti wakaomba wasitibiwe, na ombi likakubaliwa.

Baada ya hapo, nani atamlaumu Mweusi anayeogopa hospitali? Woga huo nao unaua, maana presha ya damu haingoji. Waganga wa Los Angeles walipata njia: waliwafuata wanaume kwa vinyozi wao, watu wanaowaamini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Wanaume 319, maduka ya vinyozi 52. Na mahali ambapo mfamasia alikuja na dawa pale pale kwa kinyozi, presha ya juu ilishuka kwa wastani wa vipimo 27 katika miezi sita. Na wewe unayeshika lindo la usiku, ulipima lini?

Kuhusu malezi ya kazi, Benjamin Davis mdogo, mwana wa jenerali wa kwanza Mweusi, alikaa miaka minne West Point, 1932 hadi 1936, bila mwanafunzi mwenzake kusema naye ila kwa amri. Alikula peke yake, akalala peke yake. Akahitimu, akaongoza marubani Weusi vitani, akawa jenerali. Nguvu ya aina hiyo hawajaliwi wengi. Ndiyo maana miaka ya baadaye maofisa Weusi walianza kukutana wenyewe, wakubwa wakiwafundisha luteni namna ya kuandika ripoti, kuomba kozi, kusoma nia ya mkubwa asiyekupenda. Mlezi wao mmoja alikuwa Brigedia Jenerali Roscoe Cartwright, waliyemwita Rock. Alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1974, chama kikaitwa The Rocks. Colin Powell, aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi yote mwaka 1989, alikuwa mwanachama.

Isaac Woodard aliishi gizani miaka 46, akafia katika hospitali ya askari wa zamani mjini New York mwaka 1992. Mwaka 2021 wabunge walipeleka mswada wenye jina lake, wakitaka wajukuu wa askari Weusi wa vita vile wapewe karo na mikopo ambayo babu zao walinyimwa. Haukupita. Mwaka 2023 ukapelekwa tena, na Bunge hilo nalo likamaliza muda wake bila kuupitisha.