Uchovu wa Mgonjwa Si Uvivu

Katika jumuiya zetu wapo ndugu ambao leo tunawaona kanisani wakiwa na afya, kesho hawawezi kutoka kitandani. Mara nyingi husemwa kuwa ni wavivu au wanadeka. Makala hii inaeleza sababu ya hali hiyo na nini kamati ya parokia inaweza kufanya.

Tuchukue mfano wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu husafirisha oksijeni mwilini na kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Kwa mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana damu yake hupungua, naye huchoka hata siku asiyo na maumivu. Kazi nzito, baridi au kukosa maji ya kunywa vinaweza kumletea maumivu makali.

Mwaka 2003 Mmarekani Christine Miserandino, aliyekuwa akiishi na ugonjwa wa lupasi, alieleza uchovu wa namna hii kwa vijiko. Alimpa rafiki yake vijiko 12, kisha akamnyang'anya kimoja kimoja kwa kila kazi ya siku, hata kuoga na kuvaa. Vikiisha, siku nayo imekwisha.

Sasa tumfikirie mama mwenye selimundu kijijini. Ana maji ya kuteka, kuni za kutafuta na watoto wa kuandaa. Tukimwita parokiani kupokea unga, akasimama kwenye foleni kwa muda wa saa mbili na kuubeba kichwani, jioni hana nguvu ya kuupika. Msaada wetu umemmaliza.

Mgonjwa mwenyewe anaweza:
- kuanza na kazi ya lazima, nyingine zikasubiri;
- kukaa kwenye kigoda anapopika au kufua;
- kupumzika kabla hajachoka kabisa;
- kutomaliza nguvu zote siku anayojisikia vizuri.

Kamati inaweza:
- kumuuliza ni kazi ipi inayomchosha zaidi, na kuanzia hapo;
- kumpelekea mgawo nyumbani;
- kupanga zamu ya vijana kumtekea maji;
- kumtafutia nauli ya kliniki;
- kutomwondoa katika kikundi, bali kumpa kazi ya kukaa, kama kutunza daftari la michango.

Angalizo: uchovu ukizidi ghafla, au ukiambatana na homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au kupauka, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kwa wafadhili wetu: nauli, madumu ya maji na baiskeli ya kupelekea mgawo huonekana vitu vidogo katika bajeti. Tunaomba visikatwe. Ndivyo vinavyomwachia mgonjwa nguvu za kupika, kulea na kuketi pamoja na wenzake.