Hitilafu za kumbukumbu ya nje ya maikrokontrola

Kumbukumbu ya nje ya maikrokontrola ni chipu inayounganishwa na maikrokontrola kwa waya ili kutunza data zisizoenea ndani yake. Programu huitumia chipu hiyo kupitia maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa amri zilizoandikwa tayari. Data zikiharibika, maktaba hulaumiwa kwanza, ingawa mara nyingi chanzo ni umeme, waya au kanuni za chipu zisizofuatwa.

Matumizi

Mfano ni kifaa cha kupima joto la maji kwenye matumbawe ya kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Mwaka 1998 joto la bahari lilisababisha matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi ya magharibi kupauka; kwa hiyo tofauti ya nyuzi moja au mbili ina maana kubwa.

Kifaa kikiandika rekodi ya baiti 16 kila dakika 10, kwa siku hupatikana baiti 2,304. Chipu ya ATmega328P, inayotumika katika Arduino Uno, ina baiti 2,048 tu za kumbukumbu ya muda, nazo hufutika umeme ukikatika. Chipu ya flashi ya W25Q64 ya kampuni ya Winbond ina baiti 8,388,608, zinazotosha rekodi hizo kwa zaidi ya miaka tisa, na haipotezi data umeme ukizimwa.

Umeme na mawasiliano

W25Q64 hutumia volti 2.7 hadi 3.6, lakini Arduino Uno hutoa ishara za volti 5. Bila kibadilisha volti katikati, chipu inaweza kusoma vibaya au kuungua.

Hatua inayofuata ni kusoma kitambulisho cha chipu kwa amri 9F. Kwa kawaida W25Q64 hujibu EF 40 17. Jibu likiwa FF tupu au 00 tupu, kwa kawaida chipu haijaongea: kagua waya, hasa ule wa kuchagua chipu. Jibu likiwa namba nyingine isiyobadilika, huenda chipu ni ya aina tofauti ambayo maktaba haiitambui.

Kufuta kabla ya kuandika

Chipu ya flashi iliyofutwa ina biti zote 1. Kuandika huweza kugeuza 1 kuwa 0 tu; kurudisha 1 ni lazima kufuta sekta nzima ya baiti 4,096. Ikiwa mahali palipoandikwa 29 (00011101) pataandikwa 26 (00011010) bila kufutwa, kitakachosomwa ni 24 (00011000). Kosa hili ni la hatari kwa sababu 24 inaonekana kama joto la kawaida, na msomaji hatashtuka.

Mpaka wa ukurasa

Amri moja ya kuandika haivuki ukurasa wa baiti 256. Rekodi za baiti 16 huenea 16 kamili. Rekodi za baiti 20 huenea 12, na ya 13 hubakiwa na nafasi ya baiti 16. Baiti zake nne za mwisho hurudi mwanzo wa ukurasa na kuharibu rekodi ya kwanza. Baadhi ya maktaba huigawa rekodi zenyewe. Nyingine humwachia mtumiaji kazi hiyo.

Aidha, chipu ikiwa bado inaandika au kufuta, haipokei amri mpya ya kuandika. Programu isiyosubiri hupoteza rekodi bila onyo lolote.

Jaribio la mwisho

Andika namba zinazojulikana, zikiwemo zinazovuka mpaka wa ukurasa, zima umeme, kisha washa na uzisome tena. Zikilingana zote, kifaa kinaweza kupelekwa baharini. Joto la siku iliyopita haliwezi kupimwa upya.