Jodari Mzima: Kutoka Boti Hadi Friza Yako

Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa Julai hadi Oktoba, makundi ya jodari hupita kwenye maji ya Pasifiki mbele ya Oregon na Washington. Boti za wavuvi hutoka kuwafuata, na zinaporudi, baadhi yake hufunga gatini na kuuza samaki wazima moja kwa moja kwa yeyote aliyekuja na sanduku la barafu. Kwa sisi Waswahili tunaoishi Portland, Salem, Seattle na miji ya jirani, hii ni nafasi ambayo wengi wetu bado hatujaitumia. Jodari wa Marekani tunamjua akiwa ndani ya kopo tu, ilhali mwendo wa saa mbili au tatu kwa gari anauzwa mzima, na kichwa chake na mkia wake, kama kwenye mnada wa pwani kwetu.

Makala haya ni ya familia inayotaka kwenda kununua safari ya kwanza. Tutaeleza pa kwenda, maswali ya kumwuliza mvuvi, hesabu ya pesa, na namna ya kumfikisha samaki nyumbani salama. Hilo la mwisho lisipuuzwe, kwa sababu jodari aliyepata joto anaweza kuiangusha nyumba nzima kwa siku moja.

Ni jodari gani huyu?

Anaitwa albakora. Ana mapezi marefu ya ubavuni, na nyama yake ni nyeupe kuliko ya jodari wengine. Kwa sheria za Marekani, ni yeye peke yake anayeruhusiwa kuandikwa "jodari mweupe" kwenye kopo. Wanaovuliwa upande huu ni wadogo, wenye umri wa miaka michache, na wengi wana uzito wa ratili 10 hadi 25. Ni tofauti kabisa na wale majodari wakubwa wa Bahari ya Hindi wanaobebwa na watu wawili.

Boti nyingi za huku huwavua kwa kukokota mishipi yenye ndoano juu ya maji, samaki mmoja kwa ndoano moja. Kwa hiyo kila samaki hushikwa kwa mkono wa mtu, naye mvuvi makini ana nafasi ya kumhudumia mmoja mmoja.

Pa kwenda

Newport, Oregon, ndiyo bandari rahisi kwa anayeanza. Kutoka Portland ni kama saa mbili na nusu. Boti zinazouza hufunga kwenye magati ya mbele ya mji, kando ya barabara ya Bay Boulevard, na huweka vibao vyenye jina la samaki na bei. Wakati wa kiangazi, taasisi ya Oregon Sea Grant imekuwa ikiwatembeza wageni gatini na kuwafundisha namna ya kununua; ukibahatika kupata siku hiyo, ungana nao. Watoto nao watawafurahia simba wa baharini wanaolala na kupiga kelele pale pale bandarini.

Kwa wanaoishi Washington, kuna Westport na Ilwaco. Wa kusini mwa Oregon wana Charleston, karibu na Coos Bay. Popote uendapo, piga simu bandarini kwanza. Boti hufuata samaki na hali ya hewa, si kalenda yako, na unaweza kukuta gati tupu.

Chukua pesa taslimu, maana si kila boti inapokea kadi. Vaa viatu visivyoteleza, shika mikono ya watoto, na usiingie botini mpaka ukaribishwe.

Maswali matano ya kumwuliza mvuvi

1. Ametolewa damu? Jodari hafanani na samaki wengi: mwili wake una joto kuliko maji anayoogelea, na akipigana na mshipi joto huzidi. Asipotolewa damu na kupoozwa upesi, nyama huharibika tangu ndani. Mvuvi mzuri hulijibu swali hili kwa fahari.

2. Amehifadhiwa vipi? Wengine huwa kwenye barafu, wengine hugandishwa baharini siku ile ile wanayovuliwa. Usimdharau aliyeganda. Samaki aliyegandishwa saa chache baada ya kuvuliwa huweza kuwa bora kuliko "mbichi" aliyekaa siku nyingi juu ya barafu.

3. Alivuliwa lini? Kwa samaki wa barafu, siku ni muhimu. Tazama pia mwenyewe: macho maangavu, mashavu mekundu, mwili mgumu unaporudi ukiubonyeza, na harufu ya bahari, si ya shombo kali.

4. Bei ni ya samaki mzima au aliyekatwa? Mara nyingi bei ya kibaoni ni ya ratili moja ya samaki mzima.

5. Kuna wa kunikatia? Baadhi ya boti au maduka ya jirani hukata kwa malipo ya ziada. Ukikatiwa, sema mapema kwamba unataka kichwa, mifupa na nyama ya tumbo. Usiposema, huenda vikatupwa, na supu yako ikaenda navyo.

Hesabu kabla ya kulipa

Samaki mzima hukupa takriban nusu ya uzito wake kama minofu safi. Tuseme bei ni dola 5 kwa ratili, na samaki ana ratili 20. Utalipa dola 100 na kupata kama ratili 10 za minofu, yaani kila ratili imekugharimu dola 10. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na ya dukani, si ile dola 5. Ongeza mafuta ya gari na barafu, ndipo ujue kama umepata au umepatikana.

Hapa ndipo desturi yetu ya kuchangiana inapotusaidia. Familia tatu au nne zikienda kwa gari moja na kununua samaki watano au sita, gharama ya safari hugawanyika. Mara nyingine mvuvi naye hupunguza bei kwa anayechukua wengi. Kuuliza kwa adabu si kosa. Naye mvuvi hufaidika, kwa kuwa anapata bei nzuri kuliko ya kiwanda.

Joto ndilo adui

Jodari akipata joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yake sumu iitwayo histamini. Sumu hii haionekani, si lazima iwe na harufu, na haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kugandisha. Anayeila huweza kuwashwa, kuwa mwekundu usoni, kuumwa kichwa na kusikia moyo ukimwenda mbio, mara nyingi ndani ya saa moja. Dalili hizi zikitokea, tafuta msaada wa daktari, na kwa shida ya kupumua piga 911 bila kusubiri.

Kinga yake ni barafu. Nenda na sanduku kubwa na barafu nyingi kuliko unavyodhani inahitajika. Mzungushe samaki barafu chini, juu na ubavuni, uache maji yatoke. Usipite kutembelea watu njiani. Ukifika nyumbani, kata siku hiyo hiyo, na visivyoliwa karibuni viingie friza.

Kukata na kuhifadhi

Jodari hukatwa minofu minne mirefu, miwili kila upande wa uti wa mgongo. Katikati kuna nyama nyeusi yenye ladha kali. Wengine huitoa, wengine huipenda kwenye mchuzi wa ukwaju. Funga minofu vizuri bila hewa na uandike tarehe. Ukiitoa friza, iache iyeyuke ndani ya friji, si juu ya meza, na kama ilifungwa kwa mashine ya kutoa hewa, toboa mfuko kwanza.

Wenyeji wa huku husindika jodari kwenye chupa za glasi. Ni jambo jema, lakini lazima itumike sufuria maalumu ya presha ya kusindikia, kwa dakika 100 na kwa kipimo sahihi cha presha. Kuchemsha chupa kwenye maji hakutoshi na kunaweza kuua. Fuata maelekezo ya Chuo Kikuu cha Oregon State, usifuate ya kusikia.

Jikoni

Albakora hukauka upesi. Tukimpika kwa mazoea ya kumkausha samaki mpaka awe mgumu, tutamlaumu bure. Mpake ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na bizari, mgeuze kidogo tu kwenye kikaango chenye moto mkali, kisha mtie kwenye tui zito likishaiva, dakika za mwisho. Kichwa na mifupa ni supu ya Jumapili.

Kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto, kumbuka zebaki. Mamlaka za afya za Marekani humshauri mama mjamzito ale albakora mara moja tu kwa wiki, wakia 4, na asile siku hizo samaki wengine wenye zebaki. Watoto wapewe sehemu ndogo kulingana na umri.

Msimu ni mfupi. Pigianeni simu sasa, mpange magari, na anayejua kunoa kisu ahesabiwe wa kwanza.