Je, Wajua? Kichwa cha diski kinachoelea juu ya hewa

Diski ngumu ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, husomwa na kichwa kinachoelea juu ya utando wa hewa mwembamba mara elfu kadhaa kuliko unywele. Hewa ikipungua, kichwa hushuka. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka kikomo cha matumizi karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kama mita 2,300, kwa hiyo diski bado i salama. Adui wake mkubwa ni mtikisiko, maana lami huishia geti la Loduare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro.

SSD, aina nyingine ya diski, haina kinachozunguka. Mwongoza watalii wa Karatu anayehitaji barua pepe, ankara na picha za wageni aanzie hapo anapochagua kompyuta, kisha atafute RAM ya GB 8. Prosesa kubwa amwachie mhariri wa video. Kompyuta mpakato isiyo na feni haivuti vumbi jekundu, na nyingi hazifiki kilo 1.5. Uzito nao si jambo dogo: ndege ndogo zinazotua uwanja wa Manyara kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 tu, begi la mkononi likiwemo.